Njia za Nguvu Mwilini: Waliyosema Wachina na Yatupasayo Kuyajua

Jirani yetu mmoja ni fundi wa kushona kanzu, mtu mzima aliyetupita umri kwa miaka mingi, na vijana wengi wa madrasa yetu wamevaa kazi ya mkono wake siku za Idi. Ana maradhi ya sukari, na kwa muda mrefu alikuwa akimeza vidonge vya hospitali bila ya kukosa hata siku moja. Mwaka juzi, baada ya sala ya Alasiri, alitukuta barazani akatuonyesha karatasi yenye rangi nyingi. Alisema amepimwa mwili mzima kwa mashine ndogo iliyounganishwa na kompyuta; alishikishwa kijiti cha chuma kiganjani, na kwa muda mfupi tu mashine ikatoa maradhi yake yote.

"Maalim," alituambia, "kumbe asili ya ugonjwa wangu si sukari. Njia zangu za nguvu zimeziba. Nguvu ya figo imepungua na ya ini imezidi. Wamenipa dawa za Kichina za kuzizibua, za miezi mitatu. Waonaje?"

Sisi tulikuwa na haraka ya darsa ya jioni, na katika jambo lile hatukuwa na elimu hata chembe. Tukamjibu, "Kaka, kama haina madhara, jaribu, mponyaji ni Mwenyezi Mungu." Tukaona tumejibu vyema. Hatukumwuliza kama ameacha vidonge vyake.

Naye alikuwa ameviacha. Katika mwezi wa nne bintiye alikuja kubisha hodi mlangoni kwetu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Si kwema, Maalim. Baba ana kidonda mguuni, chanuka, naye akataa kwenda hospitali. Asema Maalim ndiye aliyemruhusu kutumia dawa ile. Twaomba uje uzungumze naye."

Tulikwenda usiku ule ule, na asubuhi tukamshika mkono tukampeleka. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vilikatwa.

Jibu letu lile la barazani halijatutoka moyoni. Mwalimu aulizwapo jambo asilolijua, yampasa aseme "sijui", sisi hatukusema. Kwa sababu hiyo tulianza kusoma na kuwauliza wenye ujuzi: njia hizi za nguvu ni nini, nani aliyezitaja kwanza, na lipi katika hayo limethibiti? Haya tuliyoyapata twawaletea wasomaji wetu, wazee na vijana, ili asije mwingine akajibiwa kama alivyojibiwa jirani yetu.

CHI, KIVULI NA JUA

Yatupasa kwanza tuwafanyie uadilifu Wachina wenyewe, kwani elimu yao ya utabibu ni ya kale na yenye mpango, wala si maneno ya mtaani. Kitabu kikubwa kilicho msingi wake chaitwa Huangdi Neijing, nacho kilikusanywa karne moja au mbili kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Kina sehemu mbili: ya kwanza, Suwen, yaeleza maumbile ya mwili na maradhi, ya pili, Lingshu, yaeleza zaidi njia za mwili na matumizi ya sindano.

Neno la kwanza la kulifahamu ni chi. Asili yake ni mvuke, ukungu, au pumzi. Na katika maandishi ya Kichina alama ya neno hili ina umbo la mvuke na umbo la mchele, mithili ya mvuke upandao kutoka katika chungu cha wali. Katika utabibu wao, chi ni kile kiutiacho mwili joto, mwendo na uhai. Kuna chi mtu aipatayo kwa chakula, na kuna ile aivutayo kwa pumzi. Baadhi ya watu wamedhani kwamba neno hili lina maana ya jini au mzimu unaoabudiwa. Sivyo. Matabibu wale waliizungumza chi kama tuzungumzavyo sisi upepo na mvuke: kitu cha maumbile.

Neno la pili ni jozi ya maneno, yin na yang. Maana yake ya awali ni nyepesi sana: yin ni upande wa kivuli wa kilima, na yang ni upande wa jua. Kutoka hapo wakaita yin kila kilicho baridi, kizito, chenye unyevu na cha ndani. Na yang kila kilicho moto, chepesi, kikavu na cha nje. Afya kwao ni mizani ya mambo haya mawili. Kimoja kikizidi au kikipungua, mtu huugua, na kazi ya tabibu ni kuirudisha mizani mahali pake.

MTANDE WA MWILI

Sasa twafika kwenye njia zenyewe. Wachina huziita jingluo. Katika neno hili, jing ni nyuzi za mtande, zile ambazo mfumaji huzitandika kwa urefu kabla ya kupitisha mshindio. Na luo ni wavu wa kuunganisha. Yaani waliuona mwili wa mwanadamu kama nguo iliyofumwa: nyuzi kuu hupita kwa urefu, kutoka kichwani hadi vidoleni, na nyuzi ndogo huziunganisha.

Njia kuu ni 12 kila upande wa mwili, na kila moja ina kiungo chake: pafu, utumbo mpana, tumbo, wengu, moyo, utumbo mwembamba, kibofu, figo, ngozi inayofunika moyo, nyongo, ini, na kile wakiitacho majiko matatu ya mwili, ambacho hakilingani na kiungo chochote kinachoonekana kwa macho. Njia ya pafu huanzia kifuani ikashuka mkononi hadi kidole gumba. Njia ya utumbo mpana huanzia kidole cha shahada ikapanda hadi kando ya pua. Na ndiyo sababu tabibu wa Kichina humchoma sindano mwenye maumivu ya jino kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Iliyo ndefu kupita zote ni ya kibofu: huanzia pembe ya ndani ya jicho, ikapita utosini, ikashuka mgongoni na nyuma ya mguu hadi kidole kidogo.

Kitabu cha Lingshu chafananisha njia hizi 12 na mito 12 ya nchi ya China. Mto ukizibwa, mashamba ya chini hukauka na ya juu hugharika. Kadhalika, walisema, chi ikizuiliwa mahali, mbele yake huwa upungufu na nyuma yake huwa msongamano, na maumivu huja. Huo ndio asili ya usemi wa "kuziba kwa njia" alioambiwa jirani yetu. Waliziwekea njia hizi hata saa: chi huzunguka mwili mzima kwa mchana na usiku, ikipata nguvu katika kila njia kwa muda wa saa mbili, na zamu ya pafu ni tangu saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.

Juu ya njia hizo mna vituo, na hapo ndipo sindano huchomwa, au majani makavu huchomwa moto karibu na ngozi. Vitabu vya kale vilitaja vituo 365, kama siku za mwaka; hesabu iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1991 ni 361. Vipimo vyao havifuati rula, bali hufuata mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kipimo kimoja ni upana wa kidole gumba chake, na vidole vinne pamoja ni vipimo vitatu. Ni kama wazee wetu walivyopima kwa wanda, shubiri na dhiraa. Kituo mashuhuri cha mguuni kiko nyanda nne chini ya goti, na kituo cha kuzuia kichefuchefu kiko nyanda tatu juu ya kifundo cha mkono, upande wa ndani, kati ya kano mbili.

Sisi tulio walimu tulifurahishwa sana na habari ya mwaka 1027. Tabibu Wang Weiyi, kwa amri ya mfalme, alisimamia kusubiwa kwa sanamu mbili za shaba zenye umbo la mtu kamili, zikiwa na matundu madogo kila penye kituo. Husimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta kwa nje na ikajazwa maji ndani. Mwanafunzi alitakiwa kuchoma sindano mahali alipotajiwa: akipatia, maji yalitoka, akikosea, sindano haikupenya. Hapakuwa na nafasi ya kubahatisha wala kumpendelea mtoto wa mkubwa.

NENO LILILOBADILIKA NJIANI

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo wauzaji wa dawa hawayasemi.

La kwanza ni habari ya neno lenyewe. Sindano za Kichina zilijulikana Ulaya zamani. Daktari Mholanzi Willem ten Rhijne aliandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1683. Lakini maneno "meridiani" na "nishati", ambayo leo yamejaa katika karatasi za matangazo, yalienezwa na Mfaransa mmoja, George Soulié de Morant, aliyeishi China akarudi kwao na kuandika katika miaka ya 1930. Mtande wa mfumaji aliuita meridiani, jina la mistari ya ramani itokayo ncha hadi ncha ya dunia. Na chi, ule mvuke na pumzi, akaiita nishati. Tangu hapo msomaji alidhani kwamba Wachina walizungumza juu ya kitu kama umeme, kiwezacho kupimwa kwa mashine. Wao hawakusema hivyo. Tabibu wao hutazama uso na ulimi, husikiliza sauti na pumzi, huuliza maswali, na hushika mapigo ya mshipa katika mikono yote miwili kwa vidole vitatu. Hakuna katika kitabu cha Neijing kijiti cha chuma kiambiacho kompyuta maradhi ya mtu.

La pili ni kwamba njia hizi hazikuteremka zikiwa kamili. Mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na mji wa Changsha, lilifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Nabii Isa, na ndani yake mlikuwa na vitabu vilivyoandikwa juu ya hariri. Vitabu hivyo vyataja njia 11, si 12. Haziungani kuwa mzunguko mmoja. Na dawa yake ni kuchoma kwa moto, sindano hazitajwi. Basi elimu hii ilikua kama elimu nyingine za wanadamu zikuavyo: watu walitazama, wakafikiri, wakaongeza, wakasahihisha. Jambo lililosahihishwa jana haliwi haramu kusahihishwa leo.

WAZEE WETU NA ELIMU YA WACHINA

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu, kwani Waislamu walikutana na elimu hii zamani sana, na namna walivyoipokea ni somo kwetu.

Rashid al-Din alikuwa tabibu, tena waziri wa wafalme wa Kimongoli waliotawala Uajemi. Chini ya uangalizi wake kilitungwa kitabu cha Kiajemi kiitwacho Tanksuqnama, juu ya elimu za Wachina. Nakala yake iliyopo Istanbul ni ya mwaka 1313, sawa na mwaka 713 wa Hijria. Ndani yake mnaelezwa jinsi Wachina washikavyo mapigo ya mshipa, pamoja na michoro ya viungo vya ndani. Hakuidharau elimu ile kwa kuwa ni ya wageni, wala hakuipokea kwa kunong'onezwa barazani. Aliifanya itafsiriwe na kuandikwa ili isomwe.

Tena sisi wenyewe tulikuwa na mizani kama hiyo. Matabibu wa Kiislamu, na mkubwa wao Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, walifuata mafundisho ya Wayunani kwamba mwili una maji manne: damu, balghamu, safura na sauda, yakilingana mtu ni mzima, yakipotoka ni mgonjwa. Mabaki ya elimu hiyo yamo majumbani mwetu hata leo, bibi anapomkataza mzazi kula kitu cha baridi, au anaposema kwamba fulani mwili wake una joto jingi. Kwa hiyo tusiwacheke Wachina. Walitafuta usawa kama tulivyoutafuta sisi, kwa macho na vidole, wakati hapakuwa na darubini ya kuonea vijidudu.

Lakini tazama walivyofanya wakubwa wetu hao. Ibn an-Nafis, aliyekuwa tabibu Misri katika karne ya 13, alikisherehesha kitabu cha Ibn Sina kwa adabu zote; na alipofika mahali palipokosewa aliandika wazi kwamba damu haipenyi ukuta wa kati wa moyo, bali hutoka upande wa kulia, ikapita mapafuni, ndipo ikafika upande wa kushoto. Heshima kwa mwalimu haikumzuia kusema kweli. Na mizani ya maji manne, pamoja na utukufu wa waliyoifundisha, hospitali zetu za leo haziitumii kupimia maradhi.

KATIKA MIZANI YA MAJARIBIO

Je, njia za chi zimepatikana mwilini? Wapasuaji wamefungua mwili wa mwanadamu wakaona mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na kano. Njia 12 hawakuziona. Katika miaka ya 1960 huko Korea ya Kaskazini mtafiti Kim Bong-han alidai kwamba ameziona, lakini madai yake hayakuthibitika.

Ama sindano zenyewe zina habari nyingine, nayo yapasa isemwe kwa insafu. Mwaka 1971 mwandishi wa habari wa Marekani, James Reston, alipasuliwa kidole tumbo mjini Beijing. Alipasuliwa kwa dawa za ganzi za kawaida. Baadaye, tumbo lilipomsumbua kwa gesi, alichomwa sindano kiwikoni na chini ya magoti, akapata nafuu. Habari hiyo ilienea, na wengine wakaigeuza wakasema alipasuliwa kwa sindano tupu. Tangu hapo wataalamu walianza kupima kwa bidii, na ikaonekana kwamba kuchomwa sindano kwaweza kuufanya mwili utoe vitu vyake wenyewe vya kutuliza maumivu.

Jaribio moja kubwa tulitaje kwa hesabu zake. Huko Ujerumani watu 1,162 wenye maumivu ya siku nyingi ya kiuno waligawanywa mafungu matatu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Fungu la kwanza walichomwa sindano katika vituo vya Kichina. La pili walichomwa juujuu mahali pasipo vituo. La tatu walitibiwa kwa dawa na mazoezi ya hospitali. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu katika fungu la kwanza walikuwa asilimia 47.6, la pili, asilimia 44.2, na la tatu, asilimia 27.4.

Msomaji na azipime hesabu hizi taratibu. Waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko wasiochomwa. Lakini waliochomwa penye kituo na waliochomwa pasipo kituo walikaribia kuwa sawa. Maana yake ni kwamba sindano yaweza kumsaidia mwenye maumivu, pamoja na mapumziko, na matumaini, na mkono wa tabibu amshughulikiaye. Lakini ramani ya njia haikuonyesha kazi kubwa waliyoidhania. Tafiti nyingine zimeona tofauti kidogo kati ya kituo cha kweli na cha uongo, nayo si kubwa. Palipothibiti msaada ni katika maumivu ya mgongo, ya goti, ya kichwa, na katika kichefuchefu baada ya upasuaji. Kwamba sindano huondoa maradhi ya sukari, saratani au kifafa, hilo halikuthibiti.

MPUNGA NA PUMBA

Mtu asije akasema kwamba twaitupa hazina yote ya Wachina. Kuna mmea uitwao kwa Kichina qinghao. Katika karne ya nne tabibu Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa ya vipindi auloweke katika maji, aukamue, anywe maji yake. Miaka mingi baadaye mwanamke mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale na kujaribu mimea kiasi cha 200. Qinghao ilifaa mara moja, mara nyingine ikashindwa. Akarudia maneno ya Ge Hong, akatambua kwamba mzee yule hakuuchemsha mmea. Pengine moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Mwaka 1971 akautoa utomvu wake bila ya joto kali, ukawaponya panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakajijaribia wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Ndiyo asili ya dawa ya mseto tuwapayo watoto wetu wa pwani na bara waugupo malaria, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Ona basi: kitabu cha kale kilimwonyesha mlango, naye hakukitupa. Lakini hakuuza majani kwa kuwa tu kitabu kimesema. Aliyapepeta, mpunga ukabaki na pumba zikaenda.

Na kuhusu maradhi ya jirani yetu, Wachina wa kale waliyajua: waliyaita kwa jina lenye maana ya kiu na kudhoofika, na kitabu cha Suwen kiliyahusisha na kula mno vyakula vya mafuta na vitamu. Wala wajukuu zao hawakuishia hapo. Mwaka 1965 wataalamu wa China walifanikiwa kutengeneza insulini katika maabara, nao walikuwa miongoni mwa wa mwanzo duniani kuifanya kazi hiyo. Leo Mchina mwenye sukari hupimwa damu na hupewa vidonge au insulini. Wenye elimu yao wenyewe hawakuiacha hospitali. Itakuwaje sisi tuiache kwa jina lao?

NASAHA KWA NYUMBA ZETU

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kutafuta dawa tuuguapo, na kutafuta si kubahatisha. Basi twawausia ndugu zetu mambo haya.

Kwanza, mashine ya kijiti. Hata ikiwa yapima kitu, yapima tu jinsi umeme mdogo upitavyo katika ngozi, na hilo hubadilika kwa jasho la kiganja. Kwa Wachina wa kale haimo, na hospitalini haimo. Mwenye mashine akiwa ndiye pia mwenye duka la dawa, hapo mwenye akili hahitaji maelezo.

Pili, yafahamike kwamba "figo" ya tabibu wa Kichina si figo ya hospitali. Kwao ni jina la kundi la mambo: uzazi, mifupa, masikio, ujana na uzee. Akisema figo yako ni dhaifu, pengine figo zenyewe ni salama kabisa. Na asemapo zimepata nguvu, pengine zaharibika kimya kimya. Figo hujulikana kwa kupima damu na mkojo. Sukari kwa tone la damu, na kwa kile kipimo kionyeshacho wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita.

Tatu, mtu asiache dawa ya hospitali kwa ajili ya dawa nyingine pasipo kumwambia daktari wake. Hili ndilo lililomkata jirani yetu vidole, zaidi ya vidonge vyenyewe alivyouziwa.

Nne, apendaye sindano kwa ajili ya maumivu, na amwendee mtu aliyesomea na kusajiliwa. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yake, itumike mara moja na kutupwa, kwani sindano ya kurudia hubeba homa ya ini na mengineyo. Sindano ya kifuani iingiayo kwa kina yaweza kutoboa pafu. Mjamzito, na anywaye dawa za kuzuia damu kuganda, waseme mapema. Kadhalika twajua namna ya kupiga chuku katika nchi yetu. Masharti ya usafi ni yale yale.

Tano, dawa ya kumeza isiyo na maelezo ya vilivyomo isiingie nyumbani. Si afya peke yake iliyo hatarini. Baadhi ya dawa za kale za Kichina huchanganywa na viungo vya wanyama au kulowekwa katika pombe, na Mwislamu hawezi kufumba macho katika hilo.

Na la sita ni kwa sisi tuulizwao: walimu, maimamu, wazee wa mtaa na akina mama wakubwa wa nyumba. Watu hutuletea maswali ya miili yao kwa kuwa hutuamini katika dini yao. Neno letu moja lililotupwa kwa haraka humfikia mgonjwa likiwa kama hukumu. Tuwaambie, "Jambo hili silijui, twende pamoja kwa ajuaye."

Jirani yetu amerudi kwenye cherehani yake. Mguu mmoja huukanyaga kwa tahadhari, na vidonge vyake huviweka katika kijaluba kando ya nyuzi, mahali bintiye awezapo kuvihesabu. Mwezi wa Rajabu tulimpelekea kitambaa cha kanzu, tukamtaka radhi kwa jibu lile. Alitabasamu akasema, "Maalim, wewe ulinijibu kwa kutojua, nami nilikuuliza kwa kutaka uniitikie." Kisha akatushika bega, akaanza kutupima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, atupe elimu yenye manufaa na ulimi wa kusema sijui. Amin.